Samaki Akiingia Bombani: Zima Pampu, Usivute

Kama unasoma haya na samaki wako yumo bombani sasa hivi, fanya mambo mawili, mengine utayasoma baadaye. Chomoa plagi ya pampu inayorudisha maji tangini. Kisha usiguse koki yoyote, usifunge wala usifungue. Koki ya kuzungusha kwa mkono ina tufe ndani lenye tundu katikati. Ukiizungusha samaki akiwa kwenye tundu lile, unamkata kama kwa mkasi. Niliwahi kufika nyumba moja nikakuta mambo yameshafika huko. Mwenye samaki alikuwa amefunga koki kwa nia njema kabisa, akidhani anamzuia asiende mbali.

Mimi ni fundi wa mifereji, nakaa Majengo, Mombasa. Kwa miaka kumi na miwili sasa kazi yangu kubwa imekuwa matangi ya samaki wa baharini: nyumba za Nyali na Kizingo, hoteli mbili huko Bamburi, na kliniki moja ya meno ambako watoto hukaa mbele ya kioo wakingoja zamu yao. Nilianza kwa ajili ya mabomba, nikabaki kwa ajili ya samaki. Ami yangu alikuwa mvuvi Shimoni, na majina ya samaki pamoja na tabia zao nilivipata kwake nikiwa mtoto wa kumbebea ndoo. Kuna simu moja tu ya kazi ambayo hunifanya niache wali mezani: "Fundi, samaki simuoni."

Ninachotaka ushike ni hiki. Maji ndiyo yaliyomwingiza, na maji ndiyo yatakayomtoa. Waya, koleo na vidole ni vya mwisho kabisa, na mara nyingi ndivyo vinavyoua.

Ifuate njia aliyopita

Matangi mengi ninayoyahudumia yamejengwa hivi. Kwenye kona ya tangi la juu pana kisanduku cheusi kinachofika karibu na ukingo, na ukingo wake umekatwa meno kama kichana. Maji ya juu humwagikia humo. Ndani ya kisanduku limesimama bomba. Maji yakifika mdomo wake hutumbukia, hupita kwenye sakafu ya tangi kwa tangi konekta, yaani kiungio kinachopitisha bomba kwenye kioo bila kuvuja, hushuka kabatini na kuingia tangi la chini ambalo sisi mafundi huliita sampu. Kule chini kuna soksi ya kuchujia takataka, halafu chumba cha pampu. Pampu huyarudisha maji juu kwa bomba jingine jembamba zaidi.

Basi samaki aliyeruka kichana, au mdogo aliyepenya kati ya meno, ana vituo vitatu: kisandukuni, ndani ya bomba la kushukia, au kwenye soksi. Anza kisandukuni, kwa maana mara nyingi kuliko zote ndiko aliko, amejibanza chini kabisa kwenye giza nyuma ya bomba. Washa tochi ya simu, iweke juu ya kioo, tazama polepole. Kisha igeuze soksi nje-ndani kwenye beseni lenye maji ya tangi. Aliyefika kwenye soksi ameshapita hatari yote. Mchote kwa kikombe umrudishe, umemaliza.

Kama kote huko hayumo, sikiliza. Bomba lenye afya hutoa sauti kama ya mvua inayonyesha mtaa wa pili. Likianza kuzibwa hukoroma, kama mtu anayevuta sharubati kwa mrija glasi ikikaribia kuisha. Likizibwa kabisa hunyamaza, na kimya hicho ndicho kibaya. Maji ya kisandukuni hupanda, chumba cha pampu kule chini hukauka, pampu huanza kunyonya hewa na kulia, na tangi la juu hujaa mapovu meupe madogo madogo. Ukiiacha pampu iendelee, maji yanaweza kufika sakafuni na pampu ikaungua, juu ya kumpoteza samaki. Ndiyo maana nimeanza na plagi.

Na kuhusu stima: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Kabla ya kuingiza mkono tangini au kwenye sampu chomoa hita, taa na kila kilichomo majini. Pampu ya hewa inayokaa nje iache ifanye kazi, jiwe lake la kutoa mapovu likiwa tangi la juu, kwa sababu samaki wengine waliobaki wanahitaji kupumua muda wote utakaokuwa ukihangaika na mmoja.

Ukishazima, usimwache akauke

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea miaka ya mwanzo. Mtu akizima pampu hushusha pumzi, akaenda kutafuta spana. Amemwokoa samaki na mkondo, lakini bado hajamwokoa na ukavu. Maji ya bomba la kushukia humwagika yote kwenye sampu ndani ya sekunde chache, na samaki aliyekwama katikati hubaki amelazwa kwenye plastiki yenye unyevu tu. Matamvua yake, ile nyama nyekundu iliyopangika kama nyuzi ndani ya shavu, hunatana yakikosa maji, na yakinatana hayapitishi hewa hata kama hewa imemzunguka.

Kwa hiyo chukua jagi, chota maji ya tangi lenyewe, na umimine taratibu kwenye mdomo wa bomba ndani ya kisanduku. Nusu lita hivi, ungoje dakika mbili, nusu lita nyingine. Maji hayo humlowesha na kumpelekea hewa. Usitumie maji ya mfereji, yana klorini, tena kwa samaki wa baharini ni kumtoa kwenye chumvi na kumtia kwenye maji matamu kwa ghafula. Usitumie pia ya kisima. Visima vingi vya kisiwani humu vina chumvichumvi, lakini hiyo haivigeuzi kuwa bahari.

Zima taa za chumba. Wafukuze watoto kwa upole, waambie samaki amelala. Ngoja dakika kumi ukiendelea na jagi. Samaki aliyekuwa amebanwa na nguvu ya maji tu, bila kukwama mwili, nguvu ile ikiisha hujigeuza na kushuka mwenyewe, nawe utasikia kishindo kidogo cha maji kule kwenye soksi. Nimengoja hivi mara nyingi, na naipenda sauti ile kuliko salamu nyingi.

Akiwa kisandukuni

Jambo moja kubwa: usilichomoe lile bomba lililosimama. Linaweza kuwa limechomekwa tu bila gundi, na linatoka kwa urahisi, kwa hiyo inashawishi sana kulitoa ili upate nafasi. Ukilitoa, maji yote ya kisandukuni huondoka kwa mpigo na kumvuta samaki moja kwa moja kwenye tundu la sakafu. Kazi ya dakika tano inakuwa ya saa tano.

Badala yake, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa safi kilichokunjwa kwa nguvu, kisha ongeza maji kisandukuni kwa jagi mpaka yawe sawa na maji ya tangi. Samaki hupanda pamoja nayo. Wapo wanaovuka kichana wenyewe wakirudi kwao. Asiyevuka, chukua chupa ya maji ya lita moja, kata shingo yake, itoboe matundu machache kwa msumari wa moto, ishushe ikiwa imelala ubavu, na kwa mkono mwingine tumia kipande cha plastiki kumsogeza aingie kinyumenyume. Mtoe akiwa na maji yake ndani ya chupa.

Sipendi wavu kwa kazi hii. Kangaja ana kisu karibu na mkia, hunasa kwenye nyuzi na kukukata kidole pia. Kitatange ana mwiba shavuni. Samaki aliyenaswa wavuni hujipigapiga, na nafasi ni finyu. Chupa haina nyuzi.

Akiwa ndani ya bomba

Hapa sitaharakisha.

Kwanza ujue kichwa chake kiko wapi. Samaki anaposukumwa na maji hugeuka kuyakabili maji, kwa hiyo mara nyingi huingia bombani mkia mbele, kichwa kikitazama juu alikotoka. Mapezi yake, magamba yake na miiba yake yote imelalia upande wa mkia. Mpapase samaki yeyote wa sokoni kutoka kichwani kwenda mkiani, mkono unateleza. Rudisha mkono nyuma, unakwama. Huyo aliye bombani ni vivyo hivyo. Anaweza kwenda kunakoelekea kichwa, na ukimsukuma kunakoelekea mkia unamkomelea. Sasa fikiria mtu anayemwaga ndoo nzima kutoka juu ili "kumsukuma atoke". Anapigilia msumari.

Kujua kichwa kilipo, zima taa zote, bandika tochi kali upande mmoja wa bomba na utazame upande wa pili. Bomba jeupe jembamba hupitisha mwanga kiasi cha kuona kivuli. La kijivu halipitishi. Mafundi wa magari wana kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Mimi nilinunua yangu, na huipitisha kutoka juu bila kumgusa. Ukiona mdomo unafunguka na kufumba, kichwa kiko juu. Ukiona mkia, kiko chini.

Kichwa kikiwa chini, kazi ni nyepesi: toa soksi, weka beseni lenye maji chini ya mdomo wa bomba ili asidondokee plastiki ngumu, kisha mimina maji kutoka juu taratibu ukiongeza kidogo kidogo.

Kichwa kikiwa juu, lijaze bomba kutoka chini.

Njia hii niliifikia kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza niliitwa Nyali, kikande amekwama. Nikapinda waya mwembamba, nikautia kitambaa kwenye ncha nisimchome, nikaanza kumsogeza. Sasa, kikande ana mwiba mnene wa kwanza mgongoni, na nyuma yake mwiba mdogo ambao ndio komeo. Akiogopa huinua ule mkubwa, ule mdogo ukaufunga, na hapo huwezi kuulaza kwa nguvu. Ndivyo anavyolala mwambani usiku bila kutolewa na mawimbi wala na adui. Ami yangu alinionyesha nikiwa na miaka saba au minane: alimshika kikande aliyefunga, akabonyeza ule mwiba mdogo kwa kidole kimoja, na ule mkubwa ukalala kama mlango uliofunguliwa. Nilijua hilo, na bado nikapeleka waya. Kila nilipomgusa ndivyo alivyozidi kujifunga. Nilipokuja kulikata bomba nilimkuta mwiba umesimama wima, umeacha mchirizi mweupe kwenye plastiki urefu wa ukucha, na mashavu yake yalikuwa yamepauka. Mwenye nyumba alinilipa. Pesa ile niliiona nzito mfukoni.

Basi ya kutoka chini hufanyika hivi, nami nitaieleza kama ilivyokuwa Kizingo, maana ile ilienda vizuri.

Ilikuwa saa tano usiku. Mchana stima ilikuwa imepotea na kurudi mara mbili. Mama mwenye nyumba ni mtu mzima, anakaa na mjukuu wake wa kidato cha pili. Nilipofika mlangoni nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaniitikia, "Marahaba mwanangu, pita, pita, kitatange wangu kaingia bombani." Pampu ilikuwa imezimwa na mjukuu alikuwa na jagi mkononi, nilikuwa nimewaelekeza kwa simu nikiwa kwenye tuktuk. Kitatange mwenyewe alikuwa bado mtoto, upana wake umezidi kidogo tu sarafu ya shilingi ishirini, rangi ya buluu ya usiku yenye miduara myeupe, duara ndani ya duara. Akikua hubadilika kabisa akawa na mistari ya manjano, na asiyejua hudhani ni samaki mwingine. Kwenye bomba la inchi moja na nusu alikuwa amekaa kama kadi kwenye bahasha, mdomo juu, karibu shibiri mbili chini ya sakafu ya tangi, na kile kimwiba cha shavuni kimeshika.

Tukaweka ngazi kando ya tangi, na juu ya ngazi ndoo ya lita ishirini iliyojaa maji ya tangi. Sharti ndoo iwe juu kuliko mdomo wa bomba kule kisandukuni, la sivyo maji hayatapanda. Nikachukua mpira wa maji wa nusu inchi, nikaujaza maji wote kwa kuuzamisha ndani ya ndoo, nikaziba ncha kwa kidole gumba na kuushusha hadi kwenye sampu. Usiuvute kwa mdomo. Mwisho wa bomba la kushukia nilikuwa nimeshaufunika kwa kipande cha mpira wa tairi chenye tundu katikati, nimekikaza kwa klipu; mpira wa maji ukapita kwenye tundu hilo. Si lazima kiwe kigumu kama kazi ya kudumu. Kikivuja kidogo, kinavujia kwenye sampu.

Kama bomba lako lina kofia au chujio juu kule kisandukuni, kivue kabla ya yote, ili apate pa kutokea.

Kisha polepole. Bomba la inchi moja na nusu lenye urefu wa mita moja na nusu halimezi hata lita mbili, kwa hiyo usidhani unahitaji nguvu. Nilimwambia mjukuu aukunje mpira kwa vidole, aachilie maji kidogo tu, kiasi cha lita moja kwa dakika. Hewa ilitangulia, povu moja moja zikapasuka juu. Nikasimama kisandukuni na kamera. Maji yalifika mkiani kwake, yakapanda, yakamfunika mashavu, na hapo mashavu yakaanza kupiga haraka haraka. Hapo hapo nikamwambia kijana, "Shika, usiongeze." Tukamwacha kama dakika nne ndani ya maji yaliyotulia avute pumzi. Huu mpumziko usiukose. Samaki asiye na pumzi hawezi kukusaidia, nawe unamhitaji akusaidie.

Tulipofungulia tena, tuliongeza kidogo kuliko mwanzo. Akatikisa mkia mara moja, mwiba ukaachia kwa sababu alikuwa akienda unakotaka, akapanda kama sentimita tano, akasimama. Akatikisa tena. Mama alikuwa nyuma yangu akimsalia Mtume kwa sauti ya chini. Mdomo wa kitatange ulitokeza kwenye mdomo wa bomba, nikakitanguliza kikombe chini ya maji kando yake, akaogelea mwenyewe hadi ndani. Tangu kufika kwangu hadi hapo ilikuwa saa moja na robo, na zaidi ya nusu ya muda huo tulikuwa tumesimama tu tunangoja.

Kwa kikande fanya vivyo hivyo, ila ngoja muda mrefu zaidi akiwa amefunikwa na maji, gizani, bila kugusa bomba. Akiacha kuogopa huulaza mwiba mwenyewe. Bunju naye ana yake: akishtuka hujaza maji tumboni na kuwa mpira, na bombani huwa kizibo. Usimgonge, usimtoe kwenye maji akiwa amevimba, maana akimeza hewa badala ya maji hutaabika kuitoa. Ngoja anywee. Na mkunga, kwa kweli mara nyingi hajakwama. Bomba kwake ni pango, na analipenda. Ning'iniza kipande cha ngisi kwenye uzi kando ya mdomo wa bomba usiku, taa zikiwa zimezimwa, na atatoka. Kidole chako usikitie humo kabisa, meno yake yamepinda kwa ndani.

Ikibidi kukata

Akikwama kwenye kona ya nyuzi 90, maji peke yake wakati mwingine hayamtoi, hasa samaki mwenye mwili mpana. Kama fundi wako aliweka yunioni, yaani kiungio cha nati kinachofunguka bila kukata bomba, mshukuru: ziba mdomo wa bomba kisandukuni, weka beseni, legeza nati za yunioni za pande zote mbili, toa kipande kizima na ukizamishe chote kwenye ndoo ya maji ya tangi. Usimtikise atoke. Kilaze kipande hicho majini, funika ndoo kwa kanga, weka jiwe la hewa, ukae kando. Akijua pana upenyo mbele ya mdomo wake, atatoka.

Pasipo yunioni, tumia hakso. Usitumie grainda, inachoma plastiki, moshi na unga wake vinamwingia. Hakikisha kwanza kisanduku kimezibwa au kimekaushwa, maana ukikata chini yake maji yote yatakumwagikia. Kata upana wa kiganja kutoka alipo, upande wa juu na upande wa chini, huku mtu wa pili akilikamata bomba kwa mikono miwili lisitetemeke. Msumeno uende kwa mwendo mrefu na mwepesi. Kila ukipumzika, mloweshe.

Gundi ya paipu isifunguliwe chumba alimo samaki mpaka awe ameshatolewa na maji yake yamefunikwa. Harufu ile ni dawa kali. Unapounga upya, weka yunioni pale ulipokata, na badala ya kona moja ya nyuzi 90 weka mbili za nyuzi 45. Acha gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, usiufupishe kwa sababu una haraka. Tangi litaishi usiku kucha kwa jiwe la hewa tu. Kumbuka lakini kwamba filta iliyosimama masaa mengi bila mkondo hukosa hewa ndani na maji yake huoza. Yamwage maji hayo kabla ya kuwasha tena, yasiingie tangini.

Wenye matangi ya maji matamu na filta ya kopo, kanuni ni ile ile. Samaki huingia kwenye bomba la kunyonyea pale sponji ya mdomoni inapokuwa imedondoka. Zima, lichomoe bomba kutoka kwenye kopo, lizamishe lote kwenye ndoo, mwache atoke.

Baada ya kutoka

Usimtupe moja kwa moja katikati ya wenzake. Samaki wenye nguvu humjua aliyeumia, nao humpiga. Mimi hutumia kikapu cha plastiki cha sokoni chenye matundu madogo, nakining'iniza ndani ya tangi lile lile, ili awe kwenye maji aliyoyazoea lakini asiguswe. Weka jiwe la hewa karibu, si chini ya tumbo lake. Taa iwe imezimwa mpaka kesho yake.

Akilala ubavu huku shavu linapiga, bado yupo. Mkabilishe na mkondo mwepesi, mdomo mbele. Usimvute mbele na nyuma kama watu wanavyofanya. Maji yanayoingia kutoka upande wa nyuma ya shavu yanamuumiza matamvua. Mwelekeze upande mmoja, umwache.

Michubuko mingi hupona yenyewe kwenye maji safi. Usikimbilie dawa yenye shaba kwenye tangi lenye matumbawe, kamba au konokono, itawaua hao kabla ya kumponya yeye. Badilisha maji kidogo kesho yake. Wanaochota baharini, chota wakati wa maji kujaa, siku za bamvua, upande wa bahari kuu na si ndani ya hori la Tudor au Kilindini, na usichote siku mvua za masika zimenyesha sana, chumvi yake huwa imepungua. Ukungu mweupe kama pamba ukitokea kwenye jeraha, au jicho likivimba, mpeleke tangi la peke yake.

Siku ya kwanza usimpe chakula. Hatakula, na kitaoza tu.

Unapowasha pampu tena, kaa hapo nusu saa. Tazama maji ya kisandukuni yanasimama wapi, sikiliza kama sauti ya mvua imerudi, papasa kila mahali ulipofungua kwa kidole kikavu. Kabla hujaondoka tia wavu wa plastiki wa matundu ya milimita sita juu ya kichana, chujio kwenye mdomo wa bomba, sponji kwenye mdomo wa pampu. Wavu wa mbu usitumie hapo, huziba kwa siku mbili ukakuletea mafuriko. Tangi lenyewe nalo lifunike, kwa maana anayeruka kisandukuni leo kesho ataruka sakafuni. Bomba la kurudisha maji litoboe kitundu kidogo karibu na uso wa maji, ili stima ikipotea linyonye hewa badala ya kunyonya tangi. Kitundu hicho kisafishe kila wiki kwa kijiti cha meno; huota mwani kikaziba. Na kila jioni kabla ya kuzima taa, wahesabu.

Yule mtoto wa kitatange alikaa kikapuni siku mbili bila kugusa chochote, rangi imefifia, amejikunja pembeni. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, simu yangu ililia nikiwa naelekea Kongowea. Alikuwa ni mjukuu, kabla ya kwenda shule. Alikuwa amesaga kamba mmoja mbichi, akamshushia kipande kidogo kama punje ya mchele.

"Ami, amekula. Kisha akakitema, kisha akakila tena."